Kaktusi ya Koko Iliyotoka Damu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, wakati milima iliyo nyuma ya mji wetu imekauka na vumbi limetua juu ya kila jani, nilipomkuta Koko amepiga magoti uani mbele ya chungu chake cha maua. Nilidhani anasali. Kisha nikaona ameunyoosha mkono wa kulia mbali na kitenge chake, vidole viwili vimelowa wekundu uliokolea, naye anautazama wekundu ule kama mtu aliyekabidhiwa kitu na mpita njia asiyemjua.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye telefone picha ya kaktusi yako ndogo ya dirishani. Ina pamba nyeupe katika mikunjo yake. Ukaniuliza, "Mama, nipulize dawa gani ili hivi vidudu vife leo?" Neno lile "leo" ndilo lililonirudisha mtaa wa Rugenge, katika uwanja wa Koko. Keti kidogo. Jibu ninalo na nitakupa lote, lakini halina njia ya mkato.

Koko alikuwa mama mzazi wa baba yangu. Zamani aliishi Mulongwe, karibu na mto, na mume wake alizikwa pale pale, kwenye pembe ya kiwanja. Juu ya kaburi Koko alipanda kaktusi, ile inayoota viganja, kiganja juu ya kiganja, kila kimoja bapa na chenye miiba. Alisema ameichagua kwa sababu mbuzi hawaigusi na haimsumbui mtu kwa kuomba maji. Ikakua ikafika kifua cha mtu.

Halafu ukaja msimu mmoja wa mvua, mto ukateremka na mawe. Ulichukua jiko, ukachukua ukuta, mwishowe ukachukua ile pembe yenye kaburi. Maji yalipopungua palibaki changarawe tupu, na hapakuwa na mtu aliyeweza kunyoosha kidole akasema, hapa ndipo alipolala. Lakini asubuhi ile ya mafuriko, watu walipokuwa wanaokoa magodoro, Koko alikuwa amevunja kiganja kimoja cha kaktusi akakifunga ndani ya kitenge. Tulipopata mahali pa kukaa Rugenge, alikipanda katika chungu cheusi cha udongo ambacho zamani alipikia maharagwe.

Kila Jumapili baada ya ibada aliketi kando ya chungu kile akamweleza mume wake habari za juma: nani amezaa, nani ameugua, ndagala wa ziwani wamepatikana au wamepotea. Jamaa waliokuja siku ya kumkumbuka marehemu walisalimia chungu kwanza, ndipo wakaketi. Koko aliwaambia, "Kaburi yetu ndiyo hii." Basi ujue kilichokuwa ndani ya chungu kile. Kaktusi ikifa, Koko hakuwa na mahali pengine duniani pa kusema, mume wangu yupo hapa.

Zile pamba nyeupe zilianza chache, kwenye maungio ya viganja. Mimi nilikuwa nimemaliza masomo, kijana mwenye mikono miepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nilidhani ni uchafu, labda utando wa buibui ulioshika vumbi. Nikachukua kisu, nikakwangua, nikaenda kujisifu.

"Umemaliza?" Koko aliuliza.

"Nimemaliza, Koko."

"Weye uko na bahati. Minye tangu nizaliwe sijamaliza kazi hata moja kwa asubuhi moja."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Baada ya muda mfupi pamba zilirudi, na safari hii zilikuja na ukoo mzima. Viganja vya chini vilikuwa vimeanza kugeuka manjano na kunywea. Ndipo asubuhi ile Koko akakiminya kishungi kimoja kwa vidole vyake, na wekundu ukatoka.

Jirani yetu, Mama Mapendo, alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. "Koko, umejikata?"

"Hapana. Iko inatoka mu kaktusi."

Sentensi ile, mwanangu, haikungoja kuvaa viatu. Kufika saa sita mchana avenyu yote ilikuwa inajua kwamba kaburi la Rugenge linatoka damu. Wanawake waliopita na madumu ya maji walipunguza mwendo kwenye lango letu. Mmoja alisali kwa sauti akiwa barabarani. Mwingine, kwa wema kabisa, alituletea chumvi ya kunyunyiza. Husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kweli lilikuwepo, kwani wekundu niliuona kwa macho yangu. Ila hakuna aliyekuwa ameuliza lililopo ni nini hasa.

Habari ilifika mpaka Luberizi, kwa Baba Mudogo, kitinda mimba wa Koko. Huyu alikuwa mtu wa mpunga na ng'ombe, mwenye mabega mapana na maneno machache. Alikuja kwa pikipiki, suruali imejaa vumbi la njia mpaka magotini. Hakuingia ndani. Alisimama mbele ya chungu, akaminya kishungi kimoja, akautazama mkono wake, akaufuta kwenye nyasi kama mtu aliyeungua.

"Mama," akasema, "Baba iko na hasira."

"Amekuambia?"

"Si uko unaona? Kaburi ilienda na muto, weye ukabakiza kipande. Muntu hawezi kulala fasi mbili, huku na kule. Tumurudishe mu mutoni apumuzike."

Nilitazama uso wa Koko. Maneno yale yalimwingia, kwa sababu hayakuwa ya kijinga. Mtoto aliyempenda baba yake ndivyo anavyowaza. Na watu waliokuwa langoni walitikisa vichwa wakimkubali. Kama Koko angekuwa na haraka kama sisi, neno lingekwisha pale pale: kaktusi ingetupwa mtoni kabla ya jua kuzama, naye angebaki na chungu kitupu.

Koko alimsogezea mwanawe kiti. Kisha akauliza, "Umekula?"

"Bado."

"Basi utakula kwanza. Baba yako naye hakuwa anaamua neno na njaa."

Kwetu mgeni aliyetoka mbali huchinjiwa kuku, na mchinjaji siku ile nilikuwa mimi, nyuma ya jiko. Kuku alipokuwa bado anatetemeka mikononi mwangu, Koko akatokea na sahani nyeupe ya bati. "Tia damu kidogo hapa, huku pembeni."

Nilishtuka. Koko alikuwa mama wa kanisa, kiongozi wa wanawake, na mimi nikawaza kwamba hofu imemrudisha kwenye mambo ya zamani ya matambiko. Lakini nilitia. Akaibeba sahani mpaka kwenye kaktusi, akachuna kishungi kikubwa cha pamba, akakiponda upande wa pili wa sahani. Sasa palikuwa na wekundu mara mbili, umbali wa vidole vinne kati yao. Kwa kuutazama tu, nakuapia, nisingeweza kukuambia upi ni upi.

Akamwekea Baba Mudogo sahani ile juu ya kiti, juani. "Weye uko mufugaji. Damu unaijua kunipita. Ikaa hapa. Usisali, usiseme. Angalia tu, mpaka nyama iive."

Nikawa napuliza moto huku namchungulia. Kwanza alitazama akiwa amekunja mikono, kama mtu aliyeambiwa alinde kitu asichokitaka. Halafu akainama. Halafu akachuchumaa. Damu ya kuku ilianza kuwa nzito, ikatetemeka kama uji uliopoa, ikajikunja kingo, ikavaa weusi. Nzi wakaja. Na hapa ndipo mimi niliposimama nikaacha moto, maana nzi wote walitua upande mmoja. Upande wa pili hakuna nzi aliyeshuka. Wekundu wa kaktusi ulibaki mwepesi, ukakauka taratibu na mng'ao wake wote, kama kitenge kipya ambacho hakijaonja sabuni.

Chakula kilipofika Baba Mudogo hakunawa mikono. Alisema, bila kuinua macho, "Mama, hii haiko damu."

"Minye sikusema iko damu. Nilisema iko inatoka mu kaktusi."

"Sasa iko nini?"

"Hiyo ndiyo tutaangalia. Riziki, kuya na miwani yangu ya Biblia."

Riziki ndiye mimi. Nikaileta. Koko hakuivaa, aliishika mbali kidogo na kaktusi, kioo kimoja juu ya kishungi cha pamba, mpaka kikavimba na kuwa kikubwa. Kisha akavunja mwiba wa kaktusi yenyewe, akaifungua pamba ile kwa ncha yake, uzi kwa uzi, kama anayemfungua mtoto mchanga nguo. Tuliinama wote watatu mpaka vichwa vikagusana.

Ndani alikuwamo mdudu. Mdogo kuliko punje ya mtama, mviringo, wa rangi ya zambarau iliyokolea. Hakukimbia. Hakuwa na miguu ya kukimbilia ambayo macho yetu yangeiona, wala mabawa. Alikuwa amekichoma kiganja kwa mdomo mwembamba kuliko unywele na kujifunga hapo hapo, na pamba ile ilikuwa nguo aliyoitoa mwilini mwake mwenyewe na kujifunika nayo. Hapo ndipo anakula, hapo ndipo anazaa, hapo ndipo atakufa. Na mwili wake wote, kutoka ngozi mpaka ndani, ulikuwa umejaa ile rangi.

Kando yake tukaona vumbi jekundu, kama pilipili iliyosagwa. Vumbi lile lilikuwa linatembea. Walikuwa watoto wake. Hao wana miguu, na wanaitumia mara moja tu maishani: wanatafuta mahali pa kuchoma mdomo, na wakishachoma hawaondoki tena. Mmoja alikuwa amepanda mpaka ncha ya mwiba, na mwilini mwake mna nyuzi nyeupe ambazo hata kwa miwani zilionekana na kupotea. Ule upepo wa ziwani ulipopanda, kama unavyopanda kila siku mchana, ukamnyanyua. Hakuanguka. Alielea, akavuka, akatua kwenye kiganja kingine, akaanza kutembea.

Baba Mudogo, mtu aliyewahi kuangusha fahali kwa mikono yake, alinong'ona kama aliye kanisani. "Hana mikono. Hana macho. Nani amemufundisha kufuma?"

Koko akashusha miwani. "Sasa ndiyo umeanza kusali."

Mimi sijui, mwanangu, kama nimewahi kuogopa vizuri namna ile. Nilipodhani ni damu ya mzimu niliogopa kwa kutaka kukimbia. Nilipojua ni mdudu niliogopa kwa kutaka kubaki. Watu wa langoni nao wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja akapewa miwani, na aliyetazama alirudi nyuma ameshika mdomo.

Lakini mshangao haukaushi jeraha. Kaktusi ilikuwa inakufa. Baba Mudogo alikuwa wa kwanza kukumbuka, akawa tena mtu wa kazi. "Kama ni mududu, minye niko na dawa ya kupe mu pikipiki. Mara moja tu, wote wanakwisha."

"Hii haiko ng'ombe," Koko akasema. "Ikikauka utaipeleka wapi, kwa veterineri?"

Watu wakacheka, naye pia akacheka, mara ya kwanza tangu afike.

Koko aliomba maji. Akadondosha tone juu ya pamba. Tone likakaa kama ushanga, likabingirika, likaanguka, na pamba ikabaki kavu kama vile maji yanavyolikimbia jani la teke, lile la magimbi. Akajaribu maji ya sabuni ya kipande. Yale yaliingia, lakini polepole, na chini yake mdudu alibaki mzima. Alikaa akifikiri. Pamba ile ilikuwa nyumba yenye mlango uliokataa maji. Alihitaji kitu kinachoingia mahali maji yanapokataliwa, kisha kinapaa chenyewe bila kuuachia mmea unyevu wa kuuozesha.

"Riziki. Enda kwa Mama Mapendo. Omba kanyanga."

Vichwa vyote uani viligeuka. Kanyanga, mwanangu, ni ile pombe kali inayochemshwa na kukingwa kwa mvuke, na Mama Mapendo alikuwa anaiuza nyuma ya nyumba. Tangu tuhamie Rugenge, tone lake halikuwahi kuvuka lango la Koko. Yeye ndiye aliyetumwa na kanisa kuwaonya wanywaji.

Nikaenda na kikombe, nimekifunika kwa sahani kama anayeficha maiti.

"Kanyanga?" Mama Mapendo aliuliza. "Ya Koko?"

"Ndiyo, mama."

"Ile Koko inaniombeaga mbele ya kanisa yote niache kuuza?"

"Ndiyo ile."

Akafikiri kidogo. "Mungu anajibu maombi, lakini sikujua atajibu hivi. Ngoja nikupatie ile ya kwanza, yenye kuwaka. Na minye nakuja. Hii siwezi kuambiwa, nitaiona mwenyewe."

Koko alimpokea kwa heshima zote. "Mama Mapendo, karibu. Weye ndiye ulibeba habari ya damu. Leo utabeba na hii."

Akachukua unyoya wa yule kuku, akauchovya katika kanyanga, akagusa pamba moja. Mwanangu, ile nyeupe iliyokuwa imetushinda na kisu na maji ilijikunja, ikawa kijivu, ikayeyuka kama sukari katika chai, na mdudu akabaki uchi. Akamgusa tena. Wekundu ukateremka juu ya kiganja kijani, mstari mmoja mwembamba. Hakuna aliyeshangilia. Ilikuwa kama tumeona mlango wa nyumba ya mtu ukivunjwa, hata kama mtu huyo ni mwizi.

Baba Mudogo alitaka amwage kikombe chote. Koko akamzuia mkono. Alipaka kiganja kimoja tu siku ile, kile kilichokuwa kibaya zaidi, kisha akaliambia lile kundi lirudi nyumbani. Chungu akakivuta kivulini, kwa sababu, alisema, hata ngozi ya mutu ukiipaka kitu kikali ukaiweka juani inaungua. Kesho yake kiganja kilikuwa kizima, hakina doa. Ndipo tukapaka vyote, mimi na Baba Mudogo, na yeye aliyekuja kwa siku moja akabaki mpaka nguo zake zikafuliwa.

Ungedhani hadithi imekwisha. Mimi nilidhani hivyo. Nilihesabu mizoga na kutangaza ushindi, na nilipoitwa tena kupaka nikanung'unika kwamba wote wamekufa.

Koko hakunigombeza kwa sauti. Alinipa unyoya. "Weye unahesabu bale balikufa. Minye natafuta bale balizaliwa."

Na kweli walikuwepo. Chini ya miiba, kwenye shina karibu na udongo, ndani ya maungio ambamo unyoya haufiki mpaka uusukume, lile vumbi jekundu lilikuwa linatembea. Basi tukawa tunarudia, kila Jumapili baada ya ibada, na katikati ya juma tunachungulia kwa miwani. Koko alinuka kanyanga saa ambazo mama wa kanisa hanuki kitu. Vijana wa avenyu walisema kaktusi yetu ni mlevi na sasa imemharibu mzee wa watu. Aliwajibu, "Ile inakunywa kidogo na inaamuka muzima. Jaribuni nanyi." Bandu bandu huisha gogo, na gogo lile lilikwisha. Ilifika Jumapili tukatafuta mpaka macho yakauma, hatukupata.

Lakini kile kiganja cha kwanza, kilichotoka kaburini, ambacho sasa kilikuwa shina lililobeba vingine vyote, hakikurudi. Kilikuwa kimenyonywa muda mrefu mno kabla hatujafungua macho. Kikalegea, kikawa na harufu ya kuoza, na uozo ukaanza kupanda. Baba Mudogo, aliyekuwa amerudi Luberizi, akaja tena. Alishika kisu na hakuthubutu kukata. Hicho ndicho kilichokuwa kimegusa udongo wa baba yake.

Koko akamnyang'anya kisu. Alikifuta kwa kanyanga, akatafuta kiganja kidogo cha juu kabisa, kijani, kisicho na doa, akakikata kwenye ungio kwa mkono mmoja. Sehemu nyingine yote, pamoja na shina lenyewe, aliichoma moto wa jikoni, ili kama kuna mdudu aliyejificha asiende kwa jirani. Hakulia mbele yetu. Majivu yake aliyakusanya, akayachanganya na mchanga wa mto na udongo mpya ndani ya chungu kilichooshwa kwa maji ya moto.

Nikadhani sasa atapanda. Hakupanda. Alikilaza kile kiganja kwenye barza mbele ya nyumba, juu ya gunia, kivulini. Bila udongo, bila maji.

"Koko, itakufa."

"Ina kidonda. Kidonda kikiingia mu udongo mubichi kinaoza. Acha kikauke."

Siku zikapita, zikawa majuma. Jeraha likavaa ngozi ngumu ya kahawia. Kiganja kikakunjamana, kikawa kama mkono wa Koko mwenyewe, na kila nilipopita hapo niligeuza macho. Nilikuwa na hakika kwamba tunamwekea mzee kilio cha pili. Baba Mudogo alikuwa anapiga simu kila jioni, na kila jioni nilimjibu, bado.

Kisha asubuhi moja Koko aliniita, sauti yake haikuwa ya kawaida. Nikainama. Kwenye ule ukingo uliokaukia, palepale pa jeraha, palikuwa pametokeza nyuzi nyeupe, fupi, laini kama meno ya mtoto. Mizizi. Chini yake palikuwa na gunia kavu tu, na gunia lile halikuwa limeonja tone la maji. Kile kiungo kilichokatwa, chenye makunyanzi, kilikuwa kimetuma mizizi kuutafuta udongo ambao hakuna aliyekiahidi.

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimeona ziwa likipanda mpaka kwenye madirisha ya watu, nimeona likishuka. Sijaona kitu kilichoninyamazisha kama zile nyuzi.

Baba Mudogo alifika kabla ya saa sita. Alivua viatu langoni. Alichimba kwa vidole ule mchanga wenye majivu, akakisimamisha kiganja, akakizungushia mawe madogo kisianguke. Alikaa pale amechuchumaa, mikono yake mikubwa haijui pa kwenda. Tangu mto uchukue kaburi hakuwa amewahi kusema neno mbele ya chungu kile.

"Baba," akasema. Akakohoa. "Baba, mupunga imeiva."

Koko akaingia ndani, akafunga mlango, na safari hii alilia tukamsikia.

Basi, mwanangu, jibu lako ni hili. Itenge kaktusi yako mbali na maua mengine leo hii, kwa sababu upepo unabeba watoto wa mdudu yule. Chukua pamba ya dawa au unyoya, uuchovye katika alkoli ya famasi, au kanyanga kali kama huna, ujaribu mahali padogo kwanza, kivulini, ungoje kesho. Kisha ufuate kila kishungi na kila mkunjo, na ufike mpaka chini kabisa kwenye udongo. Sehemu iliyoharibika kupita kiasi ikate uichome. Usiiloweshe maji kwa huruma. Kaktusi nyingi zinauawa na huruma. Na urudie, urudie hata ukiona umemaliza, mpaka upite muda mrefu hujaona aliyezaliwa. Ukikata kiganja, kiache kikauke kabla ya kukipanda, hata moyo wako ukikusukuma.

Hiyo ni ya mmea. Ya kwako ni hii. Mimi niliona pamba nikaita uchafu. Mtaa uliona wekundu ukaita damu. Baba Mudogo aliona huzuni yake mwenyewe akaiita hasira ya baba. Sote tulikuwa na macho mazuri na sote tulikipa kitu jina kabla ya kukitazama. Koko peke yake alikaa na asichokijua bila kukitupa. Ukikutana na jambo linalokutisha, katika nyumba yako, katika ndoa yako, katika mwili wako, usikimbilie kisu wala mto. Liweke juani. Keti mbele yake mpaka nyama iive. Mengi tunayoyaita laana yana miguu midogo na mahali pa kujificha, na yanaondolewa na mkono usiochoka. Na hata yale unayolazimika kuyaua, yatazame kwanza uone yalivyoumbwa, usije ukawa mshindi asiyejua alichoshinda.

Mungu akupe macho yanayokaa mahali pamoja. Akupe mkono mwepesi na moyo usiochoka kurudia. Kinachokunyonya kwa siri kionekane mapema, na kilichokatwa kwako kitoe mizizi hata pasipo udongo. Nenda, mwanangu, na amani ikutangulie mlangoni pako.